Mtaro wa mawe, bomba la kuzika au shimo la kunyonya? Kiwanja cha mteremko, Kigoma

Mlole_Mpya
Wakuu, habari za jioni. Nyumba imeshapauliwa na lipu ya nje imekamilika, sasa nataka kumaliza suala la maji ya mvua kabla Oktoba haijaingia. Mafundi watatu wamekuja, kila mmoja na lake. Wa kwanza anataka mtaro wa mawe kuzunguka nyumba. Wa pili anasema tuzike bomba la PVC la inchi 4, juu tupange pevingi, uwanja ubaki safi. Wa tatu anataka shimo la kunyonya kule nyuma, maji yaishie humo humo. Kipi kinafaa kwa Kigoma? Vifaa nanunua wiki hii.

Fundi_Mawe
Mtaro wa mawe. Mawe yapo, mafundi wapo, na ukiziba unauona. Mengine mapambo.

PimaKwanza
Mkuu, hapo hujatupa kitu. Kiwanja kina ukubwa gani? Kutoka juu hadi chini kinashuka mita ngapi? Paa lina mita ngapi za mraba? Juu yako kuna nini? Udongo wa kushikana au kichanga? Na kubwa kuliko yote, maji yakifika mpaka wa chini yanaingia wapi?

Bomba_Safi
Bomba linasingiziwa. Likilazwa kwa mteremko wa sentimita 1 kila mita 1, likawekewa chemba (kishimo cha kujengea chenye mfuniko, cha kukagua na kuzibua) kila linapopinda, linakaa miaka. Mtaro wa wazi ni kukusanya takataka, mbu na watoto kuvunjika miguu.

Mlole_Mpya
Samahani wakuu. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, ile 30 ndiyo inayoteremka. Kwa macho inashuka mita 2 na nusu hivi. Paa kama mita 120 za mraba. Juu kuna nyumba mbili, viwanja vya udongo mtupu, hawana gata. Udongo ni mwekundu wenye mchanga.

PimaKwanza
Sasa tunaweza kuongea. Chukua mvua ya milimita 100 kwa saa. Haidumu, dakika kumi tu, lakini ndiyo inayobomoa. Paa lako litatoa lita 3.3 kwa sekunde. Uwanja uliobaki, mita za mraba 480, ukikadiria nusu inapotelea ardhini, lita 6.7. Jumla 10. Ukiongeza viwanja vya juu, tuseme mita za mraba 1,500 zinazomwaga kwako, nusu vilevile, unapata lita 21 nyingine. Unashughulika na lita 31 kwa sekunde.

Bomba la inchi 4 kwenye mteremko wa sentimita 1 kwa mita linapitisha lita 6 hadi 7 tu, tena likiwa safi. La inchi 6 ni kama lita 18. Mtaro wa mawe wa sentimita 30 kwa 30, maji yakifika kina cha 20, mteremko sentimita 2 kwa mita, unapitisha zaidi ya 60. Kwa hiyo inchi 4 ni ya paa peke yake.

Na bado hujasema maji yanaishia wapi.

Bomba_Safi
Nani kakwambia maji ya majirani yaingie kwenye bomba langu? Maji ya juu unayakata huko huko kwenye mpaka wa juu kwa mtaro wa kukinga, yanazungushwa pembeni. Bomba linabaki na paa na uwanja. Weka la inchi 6. Hapo hesabu yako ya 31 inakufa.

PimaKwanza
Haijafa, imehamia pembeni. Huo mtaro wa kukinga nao unabeba lita 21 na unashuka mita 30 zote. Kwa hiyo mtaro wa mawe utaujenga tu, ubishi umebaki kwenye lita 10.

Fundi_Mawe
😂 Nilisema.

Ila usiushushe moja kwa moja. Hiyo 2 na nusu yako tuseme ni mita 2.4, hesabu iwe rahisi. Kwenye mita 30 ni sentimita 8 kwa kila mita, maji yanakimbia na mchanga wake yanasaga maungio. Jenga ngazi. Sakafu ya mtaro ipe sentimita 2 kwa mita, hapo utakuwa umetumia sentimita 60 kwenye urefu wote. Zinabaki mita 1.8, ambazo ni ngazi 6 za sentimita 30, moja kila mita 5. Chini ya kila ngazi weka sakafu ya zege sentimita 10, upandikize mawe yaliyotokeza juu ili maji yapigane nayo na kupoteza nguvu.

Kuta unene wa sentimita 20, sakafu ya mawe 15. Mita 30 zinakula mawe mita za ujazo 8, mchanga 3, saruji mifuko 18 hadi 20 kwa mchanganyiko wa 1:4, saruji moja mchanga nne. Ngazi zenyewe zina hesabu yake, ongeza mifuko minne.

Kosa ninalolikuta kila mahali ni mdomo wa mtaro kuwa juu kuliko ardhi. Maji yanashindwa kuingia, yanatembea nje ya ukuta, yanachimba chini yake. Unakuta mtaro mzima unaning'inia kama daraja. Mdomo uwe chini ya ardhi kwa sentimita 2 au 3, na udongo wa nyuma ushindiliwe, usirushiwe tu kwa koleo.

Mbugani_Tabora
Shimo la kunyonya mmelipita haraka. Jaribuni kwanza: chimba kashimo ka sentimita 30 kila upande, jaza maji, yaache yanywe, jaza tena, halafu pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Chini ya milimita 25, sahau shimo. Huku Tabora kwenye kichanga linafanya kazi vizuri, kwenye udongo mweusi wa mbuga linageuka kisima cha vyura. Kwa paa la 120 na mvua ya milimita 30 unahitaji nafasi ya lita 3,600. Ukijaza mawe, nafasi inayobaki ni theluthi, kwa hiyo shimo ni mita za ujazo 11, mita 2 kwa 2, kina karibu mita 3.

PimaKwanza
Hesabu sawa, mahali si sawa. Tabora ni tambarare. Kwenye mteremko wa Mlole maji unayoyaingiza ardhini hayakai, yanatokea chini, kwenye ukuta wa jirani au msingi wake. Udongo nyuma ya ukuta ukilowa unaongezeka uzito, na ukuta usio na vitundu vya kutolea maji unalala. Na shimo la kunyonya lisichanganywe na shimo la choo. Kuna wanaoelekeza gata huko, mvua moja kinyesi kinarudi sakafuni.

Kibirizi_Ziwani
Kabla hajanunua bomba asome hii. Kuna uwanja mmoja ulifungwa inchi 4 chini ya pevingi, mita 22, mabomba matatu ya paa yanashukia moja kwa moja humo. Hakuna chemba ya kunasa mchanga hata moja. Pale kwenye kona fundi aliweka elbo mbili za digrii 90 zikifuatana badala ya mbili za 45 zenye nafasi. Mdomo wa kutokea ukawa chini kuliko sakafu ya mtaro wa barabara, kwa hiyo mtaro ukijaa maji yanarudi ndani na kusimama, na maji yakisimama mchanga unatua. Msimu wa kwanza bomba lilijaa mchanga hadi nusu, na kwa juu huoni kitu. Msimu wa pili maji yakaanza kububujika kwenye baraza. Maungio yalichomekwa bila gundi, yakawa yanavuja na kuhamisha mchanga wa chini ya pevingi, ikatitia bonde refu kufuata bomba. Kutafuta palipoziba ilibidi kung'oa mita 14, na paliziba kwenye elbo zile zile. Waya wa kuzibulia haukupita kwa sababu hakuna chemba ya kuuingizia.

Chemba ya mchanga ni sentimita 60 kwa 60, sakafu yake ishuke sentimita 30 chini ya bomba la kutokea. Usafishe kabla ya mvua na katikati ya msimu. Mdomo wa mwisho uwe juu ya sakafu ya mtaro unakomwaga, angalau sentimita 15.

Bomba_Safi
Hilo ni kosa la fundi, si la bomba.

Kibirizi_Ziwani
Sijasema la bomba. Nasema kosa la bomba linafichika miaka miwili.

Mama_Ujiji
Wanangu, mnabishana chini na juu hamjaangalia. Gata lenyewe? Sentimita moja ya mraba ya mdomo wa bomba kwa kila mita ya mraba ya paa, kwa hiyo 120 inataka mabomba matatu ya inchi 3, si moja la kona. Gata lishuke milimita 5 kwa mita. Huku Ujiji na miembe yetu, lisilo na wavu linajaa majani, maji yanamwagika ukutani. Na simtank? Kila milimita ya mvua ni kama lita 102 ukitoa zinazopotea. La lita 5,000 linajaa kwa milimita 49.

Bomba_Safi
Shikamoo mama. Likishajaa, yanayozidi yanaenda wapi?

Mama_Ujiji
Marahaba. Yanaenda kwenye bomba lako la inchi 4, baba. Hapo linatosha.

Kibirizi_Ziwani
Wa chini kabisa karibu na ziwa tuna shida nyingine. Mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda, mitaro iliyokuwa inamwaga ziwani ikawa inapokea.

Mlole_Mpya
Asanteni sana. Kuhusu maji yanaishia wapi: chini kuna ukuta wa jirani, ana kitobo ameacha. Pembeni kuna njia ya miguu inayoenda hadi korongoni.

PimaKwanza
Siku zote hizi mkuu! Kitobo cha jirani si njia yako, kaongee naye pamoja na mwenyekiti wa mtaa kabla ya jiwe la kwanza. Ukimwaga kwenye njia ya miguu, baada ya misimu miwili njia yenyewe itakuwa korongo. Mtaro wa barabara uko umbali gani?

Mlole_Mpya
Kama mita 40, mbele ya geti la jirani. Ila pale getini ameweka pipa lililokatwa badala ya karavati, limejaa mchanga.

Fundi_Mawe
Pipa! Hapo linatakiwa karavati la sentimita 60. Na kabla hujagusa mtaro wa barabara waone TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini.

Mbugani_Tabora
Karavati la 60 kwa geti la nyumba? Si 45 linatosha?

Fundi_Mawe
La 45 utalizibuaje? Koleo haliingii.

Mlole_Mpya
Jumamosi napima mteremko na mpira wa levo (ule wa kujaza maji) nirudi na namba. Saruji nisubiri?

Bomba_Safi
Bomba la inchi 6 nunua, halitaoza.

PimaKwanza
Usinunue kitu.