Safari ya Desemba: Bagamoyo na Unguja

Mama Nuru: Asalaam aleikum familia. Shule zinakaribia kufungwa, tumalize hili la safari leo. Nimepanga hivi: siku ya kwanza Bagamoyo, ya pili na ya tatu Unguja, ya nne na ya tano Kilwa. Watoto ni watatu: Idrisa miaka 8, Nuru 4, Salma mwaka na miezi miwili. Semeni.

Baba Idrisa: Waaleikum salaam. Mji mitatu siku tano? Hapana dada. Ule mwaka wa Mombasa mimi nilijifunza. Asubuhi Fort Jesus, mchana tukaendesha mpaka Gede, jioni nikataka tupite Malindi. Idrisa alikuwa na miaka mitano. Alilala Gede chini ya mti, nikambeba kama gunia la mchele hadi kwenye gari. Hadi leo ukimuuliza anakumbuka mizinga ya ngomeni na kima wa Gede, basi.

Baba Idrisa: *Miji mitatu

Dada Tatu (Unguja): Mizinga na kima si haba kwa mtoto wa miaka mitano.

Baba Idrisa: Si haba dada, ila ningeweza kumpa hivyo viwili kwa siku mbili, kwa raha.

Mjomba Saidi: Wanangu, msiiache Kilwa. Yule msafiri Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu mji. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na sarafu hizo zimeokotwa hadi kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Pale Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani, kuna birika la pembe nane juu ya jabali, bahari iko chini yako. Mtoto akisimama pale anaelewa kwamba babu zake hawakuwa watu wa kusubiri meli za wengine.

Mama Nuru: Shikamoo Mjomba. Maneno yako yamenigusa kweli.

Mjomba Saidi: Marahaba mwanangu.

Baba Idrisa: Shikamoo Mjomba. Kilwa nakubali kwa moyo wote, lakini kutoka Dar ni kama kilomita 300 hadi Kilwa Masoko, halafu mashua kuvuka kisiwani, halafu mwendo wa miguu juani kutoka msikiti mkuu hadi Husuni. Na Salma mgongoni. Twende Idrisa akiwa na miaka kumi, na wewe ndiye utakayemsimulia.

Mjomba Saidi: Nimekubali. Ila ni ahadi hiyo, iandikeni.

Mama Nuru: Imeandikwa Mjomba. Basi Bagamoyo na Unguja. Bagamoyo tutoke saa kumi na mbili asubuhi, tuwe kwenye magofu ya Kaole kabla jua halijakomaa. Idrisa kaniuliza jana kwa nini panaitwa Bagamoyo.

Mjomba Saidi: Mwambie yote mawili. Wapo wanaosema "bwaga moyo" ni neno la wapagazi: wametembea miezi kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, wanaona bahari, wanatua mzigo na moyo unatulia. Wapo wanaosema ni neno la mtumwa: ukifika hapa moyo wako uuache, maana hurudi tena. Mimi naamini mji ule ulisikia maneno yote mawili.

Mjomba Saidi: Na pale misheni, iliyoanzishwa 1868, mwonyesheni mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari Mzungu, Februari 1874. Lakini msimsimulie Livingstone. Msimulieni Chuma na Susi, watumishi wake. Mzungu alifia Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Wao na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua na chumvi, wakaubeba kwa miguu karibu miezi tisa hadi pwani. Mtoto wa miaka minane anaijua hiyo kazi, maana anajua kubeba kitu kizito asichoruhusiwa kukiweka chini.

Baba Idrisa: Nimemsomea sasa hivi. Anauliza walikuwa wanalala wapi.

Mjomba Saidi: Hilo ndilo swali. Mleteni kwangu.

Dada Tatu (Unguja): Haya, njooni upande wangu. Hoteli msitafute, mtalala kwangu. Pandeni boti ya saa moja asubuhi, mtakuwa baharini kwa muda wa kama saa mbili. Watoto wale chakula chepesi tu, wakae nyuma chini, si mbele ambako mawimbi yanarusha. Chukueni ndimu na mifuko.

Mama Nuru: Kigari cha Salma nije nacho?

Dada Tatu (Unguja): Kiache. Vichochoro vya Mji Mkongwe vyembamba, sakafu ina mabonde, na pikipiki zinatokea kila kona. Kanga ya mbeleko, na Nuru ashikwe mkono muda wote. Tembea saa mbili hadi saa nne na nusu, kisha nyumbani: kuoga, kula, kulala. Tunatoka tena saa kumi alasiri. Bustani ya Forodhani baada ya magharibi, mishikaki na maji ya miwa, watoto wakimbie kwenye nyasi. Beit el Ajaib, lile jumba la masultani, tutaitazama kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na mimi kila nikipita pale bado moyo unaniuma.

Baba Idrisa: Na Mkunazini? Kanisa lile la soko la watumwa. Nataka Idrisa apaone.

Mama Nuru: Miaka minane kaka? Vile vyumba vya chini, na zile sanamu za watu shimoni na minyororo shingoni? Mimi mwenyewe nilitoka pale nikalia.

Baba Idrisa: Ndiyo maana nataka niwe naye mimi. Skuli atafundishwa tarehe: soko lilifungwa 1873, kanisa likaanza kujengwa mwaka huohuo. Sitaki akutane na hilo peke yake kitabuni. Nataka anishike mkono akiuliza.

Dada Tatu (Unguja): Idrisa aende na babake. Nuru na Salma wabaki na mimi bustanini juu. Na wakitoka pale wasipelekwe mahali pengine popote siku hiyo. Waje nyumbani.

Mama Nuru: Sawa. Nimeridhika.

Mama Nuru: Jamani, Bibi yuko hapa kwangu, nimemsomea yote. Anasema niandike kama anavyosema: "Mnazungumza ngome na kanisa, mlango wangu hamjautaja. Pale Malindi ya Mji Mkongwe nilipozaliwa mlango bado upo. Kwenye ukingo wake pamechongwa mnyororo, chini kuna samaki, na ule mti wa katikati, mfaa, una maua. Vifundo vya shaba kile cha tatu kutoka chini kimeng'oka, nilikuwa natia kidole hapo nikimsubiri baba arudi msikitini. Nataka Nuru atie kidole chake."

Dada Tatu (Unguja): Mama 😭 Upo. Nilipita juzi. Tundu lipo.

Baba Idrisa: Mama, asubuhi ya kwanza ya Unguja tunaanza na mlango wako. Mengine yote yatafuata.

Mjomba Saidi: Dada, na mimi nakuja. Nikatieni tiketi.

Mama Nuru: Allahu akbar, mashallah! Watu wazima watano basi. Kila mmoja anitumie picha ya kitambulisho leo usiku. Siku ya mwisho tunawapeleka watoto kisiwa cha Changuu kwa kobe, mashua asubuhi mapema bahari ikiwa imetulia.

Dada Tatu (Unguja): Kobe wa kwanza walikuja kutoka Shelisheli 1919. Ukimkuna shingoni ananyoosha kichwa taratibu, anasimama kabisa. Nuru atapenda.

Mama Nuru: Nuru anauliza wanakula nini.

Dada Tatu (Unguja): Mwambie mchicha. Na mwambie asiwape mkono uliokunjwa, aweke jani mbele yao aliache.