Jaribio la maji ya chumvi na kuota kwa choroko: tulipange vipi?

mwl_pangani
Habari zenu walimu. Wanafunzi wa kidato cha pili wanataka kufanya jaribio la wiki moja, kwa kuwa huku Pangani mashamba ya karibu na mdomo wa mto huingiliwa na maji ya bahari. Swali lao ni "Je, chumvi inaathiri mimea?" Wamepanga makopo mawili, moja la maji matamu na jingine la maji ya chumvi, mbegu 10 kila kopo, wahesabu siku ya tano. Maabara hatuna. Tuna mzani wa dukani, sirinji za ml 10 na chupa za maji. Warekebishe nini kabla ya kuanza?

mbegu_na_udongo
Mwalimu, anza na swali, maana ni pana mno. "Mimea" ni mimea gani, na "kuathiri" utakupima kwa kigezo gani? Jaribu hili: *Kiasi cha chumvi kwenye maji kinapunguza vipi idadi ya choroko zinazoota ndani ya siku 5?* Hapo kigeu huru (mnachobadilisha wenyewe) ni gramu za chumvi kwa lita, kigeu tegemezi (mnachopima) ni idadi ya mbegu zilizoota, na nadharia tete (jibu mnalotarajia) inaandikika kwa namna inayoweza kukanushwa: chumvi ikizidi, mbegu zitachelewa kuota na zitakuwa chache, kwa sababu maji yanaingia kwenye mbegu kwa shida.

Viwango viwili havitoshi, kwa sababu havionyeshi athari inaanzia wapi. Tumieni vitano: 0, 2.5, 5, 10 na 20 g kwa lita. (Maji ya bahari yana takriban 35.) Mzani wa dukani hauaminiki kwa gramu 20, kwa hiyo pimeni gramu 100 na mtengeneze lita 5 kwenye dumu. Lita 5 zipimwe kwanza na dumu liwekwe alama. Chumvi iyeyuke kwenye lita 3, halafu ndipo mjaze hadi kwenye alama. Mkimimina chumvi juu ya lita 5 kamili, ujazo utazidi. Hiyo ndiyo 20. Chukueni nusu lita yake, ongezeni nusu lita ya maji matamu, mpate 10. Nusu lita ya hiyo mfanye vilevile mpate 5, kisha 2.5. Mzani umetumika mara moja tu. Chumvi ya madini joto inafaa, ila pakiti iwe moja kwa jaribio zima.

Mbegu msinunue zilizopakwa dawa ya rangi kwenye duka la pembejeo. Chukueni choroko za kula za fungu moja, ondoeni zilizotobolewa na wadudu, kisha jaribuni mbegu 20 kwenye maji matamu. Zikiota chini ya 18, tafuteni nyingine.

Makopo yawe na mfuniko. Wengi wanapuuza hili: kopo likiwa wazi maji yanapungua, chumvi inabaki, na ile 5 inakuwa 7 au 8 bila mtu kujua. Wekeni tishu mbili chini na ml 10 za maji. Ukiinamisha kopo na maji yakatiririka, yamezidi. Mbegu zitakosa hewa na mtailaumu chumvi bure.

takwimu_darasani
Naongezea upande wa hesabu. Kila kiwango kiwe na makopo 4, kila kopo mbegu 20: jumla makopo 20, mbegu 400. Mbegu 20 za kopo moja si majaribio 20. Kopo likiingia kuvu, zote zinaharibika pamoja, kwa hiyo kinachohesabika kama jaribio ni kopo.

Mahali pa kila kopo pachaguliwe kwa kura ya vikaratasi. Mkipanga 0 dirishani na 20 ukutani, mtakuwa mmepima joto pamoja na chumvi. Makopo yaandikwe A hadi T, na anayehesabu asione orodha ya viwango.

Kubalianeni mapema "kuota" ni nini: kimzizi kimetoka angalau mm 2, kwa rula. Na msisubiri siku ya tano! Hesabuni kila baada ya saa 24, saa ileile. Kwenye joto la pwani choroko huota ndani ya siku moja au mbili. Mkihesabu mwishoni tu, viwango vya 0 na 2.5 vinaweza kulingana kabisa, na kuchelewa kote kukapotea.

mwl_pangani
Asante sana, nimeelewa. Kwenye 20 zisipoota, tutajuaje kama zimekufa au zimekosa maji tu?

mbegu_na_udongo
Siku ya tano zitoeni zisizoota, zisuuzeni mara tatu kwa maji matamu, ziwekeni kwenye tishu mpya yenye maji matamu, mhesabu siku 4 zaidi. Zikiota, chumvi ilizuia maji kuingia tu. Zikilainika na kuoza, kuna uwezekano sodiamu na kloridi, yaani viambato vya chumvi, zimeziua. Zilizobaki ngumu kama zilivyotoka dukani ziandikwe safu yake pembeni: choroko nyingine zina ganda lisilopitisha maji, na hizo hazioti haraka hata kwenye maji matamu.

Makopo ya 0 nayo yafanyiwe hivyohivyo siku hiyo, pamoja na kusuuzwa.