Tupeane uzoefu: umeambiwa upunguze chumvi, na nyumbani mnakula sinia moja

Binti Chumbageni: Shikamooni wakubwa. Mfanyakazi mwenzangu amepimwa presha ikasoma 170 kwa 100, akapewa vidonge vya amlodipini na kuambiwa apunguze chumvi. Ameniuliza atapunguzaje chumvi ya sufuria asiyoipika yeye. Waliopitia hali hii watueleze.

Baba Salma: Umenikumbusha mama yangu. Alipoanza kupikiwa chakula chake mbali, watu wa nyumbani walimwonea huruma iliyomchoma, majirani wakauliza kama amegombana na wakwe zake, na wajukuu wakawa hawamsogelei tena wakati wa kula. Alivumilia kwa muda, kisha akarudi kwenye sinia, kwenye papa mkavu na achari, na kwa kuwa kichwa hakikumuuma, akaacha na vidonge. Alfajiri moja alikuwa anatia udhu, kopo likamponyoka, na tulipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda upande. Kilikuwa kiharusi. Baada ya hapo dada yangu, ambaye ndiye mshika mwiko, alibadilisha sufuria ya nyumba nzima: papa analala ndani ya maji na maji yale yanamwagwa, mchuzi unakolezwa kwa ndimu na tangawizi, na anayetaka chumvi anajiongezea mwenyewe. Mama sasa anakula na wajukuu wake, na dawa hajaacha tena.

Mpwani: Kutengewa bakuli kunauma kuliko ugonjwa wenyewe. Pole sana, Baba Salma.

Mzee wa Nyamagana: Poleni, lakini natofautiana nanyi. Mtu mzima huokolewa na nia yake. Mimi niliamua peke yangu, na chumvi nikaiacha.

Mama Mapacha: Mzee wangu, kwa heshima zote, hicho chakula kisicho na chumvi alikipika nani?

Mzee wa Nyamagana: Mke wangu. Uamuzi ulikuwa wangu.

Mama Mapacha: Basi mlikuwa wawili. Angekataa, nia yako ingeishia mezani.

Kijana wa Buza: Atafune kitunguu saumu kila asubuhi, vidonge aachane navyo.

Muuguzi wa Zamu: Tafadhali asiviache, kwa sababu presha hupanda bila dalili yoyote. Kitunguu saumu akitie kwenye mboga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate, samaki wakavu na viungo vya mchuzi vya pakiti. Chumvi mbadala yenye potasiamu asiitumie kabla ya kumuuliza daktari, hasa akiwa na tatizo la figo.

Binti Chumbageni: Ahsanteni. Na kwenye shughuli je, ambako mpishi haelekezwi?

Mpwani: Ale nyumbani kabla ya kwenda.

Mama Mapacha: Kwetu asiyegusa sahani ya shughuli huhesabiwa kuwa ana kinyongo. Mimi napakua pilau kidogo, naacha mchuzi na achari, na mwenye shughuli huridhika.