Kwa nini Waingereza wa enzi za Victoria walinunua dawa za siri wakati madaktari walikuwepo?

msomaji_wa_usiku

Wakuu habari zenu. Kuna swali linanisumbua, naomba mwenye kuijua historia ya tiba anisaidie. Siku hizi napitia picha za magazeti ya London ya miaka ya 1880 na 1890, na karibu kila ukurasa una tangazo la vidonge, mafuta au mkanda wa umeme, dawa moja inatibu ini, figo, woga, kukosa usingizi na kifua kikuu kwa mpigo. Hii ndiyo nchi iliyokuwa na reli, telegrafu na vyuo vikuu vya miaka mamia, halafu watu wanameza kitu ambacho hata hakijaandikwa kimetengenezwa na nini! Pembeni ya matangazo hayo kuna madaktari bingwa wa kila aina, bingwa wa masikio, bingwa wa mishipa ya fahamu, bingwa wa siri za wanaume. Sasa mtu wa kawaida alimjuaje bingwa wa kweli na tapeli? Na serikali ilikuwa wapi? Jibu la kwamba watu walikuwa wajinga naomba msinipe, hilo siliamini kabisa.

Mzee wa Maktaba

Mkuu hapo kwenye ujinga uko sahihi, tuanze na hela. Kumwona daktari mwenye jina London ilikuwa guinea moja, yaani shilingi 21, na kibarua wa shambani katikati ya karne ile alikuwa anapata kama shilingi 10 hadi 15 kwa wiki nzima. Hospitali za hisani zilikuwepo lakini nyingi zilitaka uje na barua ya mmoja wa wafadhili wake, sasa kama humjui tajiri yeyote unaipata wapi hiyo barua. Wakati huohuo kiboksi cha Beecham's Pills, vidonge 56, kilikuwa shilingi moja na peni moja na nusu, unanunua unarudi kazini hujapoteza hata siku.

Iangalie vizuri hiyo peni moja na nusu maana ndiyo kiini cha swali lako kuhusu serikali. Ilikuwa kodi. Kuanzia mwaka 1783 dawa za aina hii zilitozwa kodi, na uthibitisho wa kulipa ulikuwa stempu, kikaratasi chembamba kilichochapwa kwa ustadi kama noti, kinabandikwa kupita juu ya kifuniko kiasi kwamba huwezi kufungua bila kukichana. Sasa wewe ni mama una mtoto anaumwa, umeshika kitu chenye alama ya serikali, si utaamini kimepimwa? Hakuna aliyekipima, serikali ilichukua chake basi. Na wenye dawa walilijua hilo fika ndio maana matangazo yao yalisisitiza wateja waiangalie stempu ya serikali ili wasiuziwe feki. Hata hilo jina la dawa za patenti lisikuchanganye, nyingi hazikuwa na patenti yoyote, maana kusajili kungewalazimu wataje kilichomo.

Kilichomo sasa. Mwaka 1909 chama cha madaktari wa Uingereza, BMA, kilitoa kitabu cha uchunguzi wa maabara wa dawa hizi, na Beecham's Pills wakakuta shubiri, tangawizi na sabuni. Malighafi ya vidonge vyote 56 haikufika hata robo ya peni! Thomas Holloway naye, aliyeanza 1837 mwaka uleule Victoria alipoingia madarakani, alitajirika kwa vidonge na marhamu, na anatajwa kutumia kama pauni 50,000 kwa mwaka kwenye matangazo kufikia mwisho wa maisha yake. Hela hiyo ilikuwa inaingia magazetini, kwa hiyo mhariri wa kuandika kwamba vidonge hivi ni uongo ungempata wapi. Chuo cha wanawake alichokijenga alikuja kukifungua Malkia mwenyewe mwaka 1886.

Jambo la mwisho ambalo watu hulisahau, daktari mwenyewe alikuwa na nini mkononi? Kwa sehemu kubwa ya karne ile ni zebaki, kutoa damu, dawa za kuharisha na afyuni. Robert Koch, daktari Mjerumani, alikionyesha kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882 na hata baada ya hapo dawa ya kukiua haikuwepo kwa miaka mingi sana. Ukienda kwa daktari unaharishwa kwa shilingi 21, ukinunua kiboksi unaharishwa kwa shilingi moja, na tumbo likishasafishwa unajisikia mwepesi kweli. Kwa mtu wa wakati ule dawa ilikuwa imefanya kazi.

mkunga_mstaafu

Asante mzee umeeleza vizuri, ila naomba niongeze maana mtu akisoma hapo juu anaweza kudhani dawa zote zilikuwa sabuni na tangawizi tu, kupoteza hela na basi. Kuna zilizoua, na mimi nikisoma habari za watoto wa wakati ule roho inaniuma.

Kulikuwa na Godfrey's Cordial, sharubati ya watoto yenye afyuni. Akina mama wanafanya kazi viwandani kuanzia alfajiri, mtoto anaachwa kwa mlezi mwenye watoto wengine kadhaa, wakilia kila mmoja anapewa kijiko. Kila muuzaji alichanganya kwa kipimo chake, kwa hiyo chupa ya duka hili haikulingana na ya duka lile, na baya zaidi afyuni ilikuwa inatuama chini ya chupa. Mama anatoa kijiko kilekile kila siku, mtoto analala vizuri, chupa inakaribia kuisha na kile kijiko cha mwisho kina nguvu kuliko vyote vya mwanzo. Mtoto haamki. Wengine hawakufa siku hiyo, walisinzia muda wote wakawa hawanyonyi, wakakonda wakaisha polepole na kwenye cheti cha kifo ikaandikwa udhaifu.

Sheria ya maduka ya dawa ya 1868 ilikuja kubana uuzaji wa sumu ikiwemo afyuni, lakini dawa za patenti zikaachwa nje! Chlorodyne ya Collis Browne, yenye afyuni, bangi na klorofomu ndani ya chupa moja, iliendelea kuuzwa kama dawa ya kikohozi na kuhara, mpaka kesi ya 1892 ndipo ikalazimika kuandikwa kuwa ni sumu. Hiyo ni miaka 24 nzima. Kwa hiyo ndugu ukiuliza serikali ilikuwa wapi, mimi nasema ilikuwepo, iliona, na ilikuwa inapokea kodi.

msomaji_wa_usiku

Dada hicho kijiko cha mwisho kimenishika kooni, sikuwa najua. Mzee asante sana. Bado la mabingwa lakini, hapo naona kama hatujafika.

Daktari Kando

Hilo la mabingwa naomba nilichukue mimi maana nalipenda sana na linaelezwa vibaya. Watu wanadhani kulikuwa na mabingwa wa kweli upande huu na matapeli upande ule. Haikuwa hivyo, na walioshindwa kuwatofautisha hawakuwa wagonjwa peke yao, madaktari wenyewe walishindwa.

Sheria ya 1858 ilianzisha rejista ya madaktari, hatua kubwa, ila haikumkataza mtu asiyesajiliwa kutibu. Ilimkataza kudanganya kwamba amesajiliwa, basi. Unaweza kufungua chumba, ukaweka kibao, ukajiita mtaalamu wa udhaifu wa mishipa na hakuna wa kukugusa. Joseph Kahn alikuwa na makumbusho ya sanamu za nta za mwili wa binadamu pale London, vijana wa kiume wanaingia wanaonyeshwa viungo vilivyooza kwa kaswende, wanatoka wanatetemeka, na ushauri wa siri wa kulipia uko hapohapo. Makumbusho yale yalifungwa 1873 na sheria iliyotumika ilikuwa ya picha chafu, siyo ya utapeli wa tiba!

Sasa heshima ya daktari Mwingereza wa wakati ule ilikuwa kutibu mwili mzima. Kujifungia kwenye kiungo kimoja ndiyo ilikuwa tabia ya watu wa sokoni, wa kung'oa meno, wa kutoa mtoto wa jicho, wa kuunga mifupa. Kwa hiyo daktari aliyesoma kihalali akisema mimi natibu jicho tu, au koo tu, wenzake walimtazama kama msaliti. Hospitali ya macho ya Moorfields ilianza 1805, ya kifua Brompton 1841, ya saratani 1851, ya watoto Great Ormond Street 1852 ikiwa na vitanda 10, na ilipofunguliwa ya mawe ya kibofu mwaka 1860 wakubwa wa taaluma walipinga hadharani kwamba hizi hospitali za kiungo kimoja ni njia ya mtu kujitangaza. Na hawakukosea moja kwa moja, wapo waliofungua hospitali ili wapate jina. Lakini humo humo ndimo mtu alikuwa anaona macho 1,000 badala ya 10, na ndivyo ujuzi ulivyozaliwa.

Mchukue Morell Mackenzie. Kioo cha kuangalia ndani ya koo kilitumiwa kwanza na mwalimu wa kuimba, Manuel García, mwaka 1854, Mackenzie akajifunza kukitumia na 1863 akafungua hospitali ya koo London. Mwaka 1887 mrithi wa kiti cha Ujerumani, Frederick, mkwe wa Victoria, sauti ikamkauka. Madaktari wa Kijerumani wakasema ni saratani tufungue koo tukate. Akaitwa Mackenzie, akatoa kipande kidogo, kikapelekwa kwa Virchow, Mjerumani wa kuchunguza nyama za mwili kwa darubini, bingwa wa mabingwa, naye hakuona saratani. Upasuaji ukasimamishwa, Mackenzie akapewa cheo cha Sir. Ilikuwa saratani. Frederick alitawala siku 99 akafa Juni 1888, Mackenzie akaandika kitabu kujitetea kikimwaga mambo ya mgonjwa, na chuo cha madaktari wa upasuaji kikamlaumu rasmi. Huyo hakuwa tapeli, alikuwa na kifaa bora na mikono mizuri kuliko karibu wote, na bado.

Upande wa pili yuko Isaac Baker Brown, daktari wa upasuaji mwenye vyeti vyote, bingwa wa wanawake, hospitali yake mwenyewe tangu 1858. Alikuwa anakata viungo vya siri vya wanawake akidai anatibu kifafa na wazimu, wengine bila hata kuelezwa wanafanyiwa nini. Wenzake walimfukuza kwenye chama chao mwaka 1867. Mwanamke aliyelala kwenye meza ile angeikagua rejista angelikuta jina la Brown humo, safi kabisa.

wakili_mtarajiwa

Nimechelewa ila wote tuliosoma sheria ya mikataba tunamjua Bi. Carlill jamani. Louisa Carlill, Novemba 1891, alinunua Carbolic Smoke Ball kwa shilingi 10, ni mpira wenye unga wa dawa na kimrija, unaweka puani unaminya moshi unaingia. Kampuni ilitangaza gazetini kwamba atakayeutumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama ilivyoelekezwa na bado akapata mafua makali, analipwa pauni 100, na kuonyesha hawatanii wameweka pauni 1,000 benki. Yeye aliutumia karibu miezi miwili, Januari 1892 akaugua. Akadai chake.

Kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo tu, hakuna mwenye akili angelichukulia kweli. Mahakama ya rufaa, Desemba 1892, ikasema hela mliyoweka benki ndiyo inaonyesha mlimaanisha, lipeni. Yaani sheria za tiba zilikaa kimya na aliyewabana ni mama mmoja aliyefuata maelekezo ya tangazo neno kwa neno. Mumewe alikuwa mwanasheria lazima hilo lilisaidia. Aliishi mpaka 1942, ana miaka 96. Mwenye mpira yeye hakuacha biashara, alianzisha kampuni mpya, akatangaza tena, zawadi akaipandisha hadi pauni 200 ila safari hii na masharti kibao ya kuipata.