Tunataka SACCOS ya soko ili watu waachane na kausha damu. Tuanzie wapi?

MamaDagaa
Wakuu, habari za jioni. Tupo wafanyabiashara 40 wa soko moja hapa Dar: mboga, dagaa, mitumba, mama lishe. Zaidi ya nusu wana mkopo wa kausha damu. Utaratibu wenyewe ni huu: unaomba 100,000, inakatwa 5,000 ya fomu, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Ukiruka siku, faini. Tumekubaliana tuwe na chama chetu cha kuweka na kukopa. Twende SACCOS moja kwa moja au tuanze na kikoba? Riba iwe ngapi? Na hawa waliokwama tuwalipie madeni siku ya kwanza? Naomba majibu ya watu wanaoujua ushirika, siyo "muwe na nia moja tu".

Leja_Nyekundu
Karibu dada. Kabla ya chama, tuipige hiyo hesabu, maana watu wanaiita asilimia 30 na siyo 30. Mkopaji anapokea 95,000 na kurudisha 130,000. Tena ile laki hakai nayo siku 26, kwa sababu siku ya 13 ameshatoa 65,000. Kwa wastani anashikilia kama nusu ya pesa lakini analipia riba ya yote. Riba halisi ni karibu asilimia 60 ndani ya siku 26, hapo fomu bado sijaigusa. Ukomo wa riba wa Benki Kuu (BoT) kwa wakopeshaji wasiopokea amana ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hesabu hii iandikeni kwenye karatasi kubwa siku ya mkutano wa kwanza, itafanya kazi kuliko hotuba.

Sasa swali lako. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imegawa watoa huduma madaraja manne. SACCOS ni daraja la tatu, leseni yake inatoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika (TCDC). Vikoba na vikundi vya aina hiyo ni daraja la nne, vinasajiliwa kupitia halmashauri. Ushauri wangu ni kuanza daraja la nne kwa mzunguko mmoja wa miezi 12, mkishika vitabu kama SACCOS tangu siku ya kwanza: leja ya kila mwanachama, stakabadhi kwa kila shilingi, mizania kila mwezi. Kosa la kikoba linaisha na mzunguko. Kosa la SACCOS linakufuata mpaka kwa mkaguzi.

Ila kikoba kina ugonjwa wake. Desemba mnavunja, mnagawana yote, sanduku linabaki tupu. Januari ada na sare zinagonga mlango, na huo ndio msimu wa mavuno wa kausha damu. Kwa hiyo mwisho wa mzunguko gawaneni faida peke yake, akiba ibaki. Akiba hiyo ndiyo mtakayoingia nayo SACCOS.

Afisa_wa_Zamani
Naongezea upande wa usajili, maana hapa vikundi vingi vinajikwaa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inataka watu 20 au zaidi kwa SACCOS, hapo mmevuka. Anzia kwa Afisa Ushirika wa halmashauri yenu, huduma yake ni bure. Mnafanya mkutano wa awali na kuchagua kamati ya uanzishaji. Kamati inaandaa andiko la upembuzi yakinifu na rasimu ya masharti (yaani katiba ya chama), halafu mnaitisha mkutano wa uanzishaji wenye muhtasari na sahihi za wote. Maombi yanaingia kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika kupitia MUVU, mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama.

Kosa namba moja: cheti cha usajili SI leseni. Vikundi vinapata cheti, vinapiga picha, vinaanza kukopesha wiki hiyo hiyo. Hapana. Leseni ya SACCOS inaombwa peke yake, ina madaraja A na B, na kila moja lina kiwango chake cha mtaji.

Kosa la pili ni masharti ya kunakili. Utakuta SACCOS ya wauza samaki ina kipengele cha "makato ya mshahara kupitia mwajiri". Mwajiri gani? Ninyi mna mauzo ya kila siku, kwa hiyo andikeni marejesho ya kila wiki, siku na saa, nani anapokea na kwa njia gani. Na pesa isipite kwenye simu binafsi ya mweka hazina hata siku moja. Akaunti ya benki ya chama, watia sahihi watatu, wawili wakisaini pesa inatoka.

Ukwasi_Kwanza
Tatizo lenu kubwa halitakuwa riba, litakuwa foleni. Angalieni. Watu 40, kila mmoja hisa 50,000 na akiba 20,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 6 mna hisa 2,000,000 na akiba 4,800,000, jumla 6,800,000. Acheni asilimia 15 benki isiguswe, inabaki 5,780,000 ya kukopesha.

Sasa mkiandika sharti la "mara tatu ya akiba" kama wengi wanavyofanya, kila mtu ana akiba 120,000 na ana haki ya kuomba 360,000. Wote wakiomba ni 14,400,000. Mnaweza kuwapa watu 16. Wale 24 wengine wanasubiri, na anayesubiri huku mtaji umekata anarudi kule kule. Mwaka wa kwanza wekeni mara moja na nusu. Itapigiwa kelele, vumilieni.

Na hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na waliotangulia. Mtu haendi kausha damu kwa sababu hajui hesabu. Anakwenda kwa sababu anapata pesa saa nne asubuhi akiwa ameomba saa tatu. SACCOS inayomwambia "kamati inakaa tarehe 28" haishindani na hilo. Tengeni 1,000,000 kati ya ile 5,780,000 mkaiite mfuko wa dharura: mkopo mmoja usizidi 100,000, usizidi akiba na hisa za mkopaji, hauhitaji kikao, wajumbe wawili wa kamati ya mikopo wanasaini siku hiyo hiyo, siku 30 umelipwa. Riba asilimia 3, yaani 3,000. Linganisha na zile 30,000 za kausha damu.

Mkopo wa kawaida wekeni asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio, siyo juu ya mkopo wote. Mfano 360,000 kwa miezi 6: mwezi wa kwanza unalipa 60,000 na riba 7,200, wa pili 60,000 na 6,000, inashuka hivyo hadi riba yote inafika 25,200. Ukipiga asilimia 2 hiyo hiyo juu ya mkopo wote ni 43,200. Ni tofauti ya 18,000 kwa neno moja tu kwenye fomu.

Mapato sasa. 5,780,000 yote ikiwa nje, yaani 1,000,000 ya dharura kwa asilimia 3 na 4,780,000 kwa asilimia 2, mwezi mnaingiza 125,600 kwa juu kabisa. Hiyo hailipi karani wala kodi ya fremu. Kwa hiyo msikodi ofisi. Meza sokoni, daftari, kabati lenye kufuli, basi.

Wanjiru_wa_Hesabu
Salamu kutoka Nakuru. Huku Kenya kwa kawaida akiba inayobeba mkopo haitolewi mpaka ujiondoe kwenye chama, na unajiondoa kwa notisi ya siku 60 baada ya kuachiliwa na wote uliowadhamini. Mliweke hilo kwenye masharti mapema. Mkiruhusu mtu kutoa akiba huku ana mkopo au amemdhamini mwenzake, dhamana yote ni karatasi.

Na angalieni udhamini wa kuzungukana: A anamdhamini B, B anamdhamini C, C anamdhamini A. Kwenye fomu kila mmoja ana mdhamini, lakini A akianguka wote watatu wanaanguka. Dawa ni leja ya udhamini: kila mdhamini aandikiwe kiasi cha akiba yake kilichofungwa, na kikifungwa chote asidhamini tena.

MamaDagaa
Asanteni sana jamani. Bado moja: wale wenye kausha damu sasa hivi. Na mtu akichelewesha rejesho kwetu, tunamfanya nini bila kuwa kausha damu wengine?

Leja_Nyekundu
Msiwalipie siku ya kwanza. Mtakusanya wanachama waliokuja kulipiwa tu, na pesa ya hisa itaisha kabla hamjakopeshana. Awe ameweka akiba miezi mitatu mfululizo, hata 5,000 kwa wiki, ndipo aombe mkopo wa kuhamisha deni. Pesa asipewe mkononi. Wajumbe wawili wanakwenda naye kwa mkopeshaji, wanalipa, wanachukua maandishi ya kumaliza deni na dhamana aliyoweka, iwe friji au hati. Kama walishika kadi yake ya benki, namba ya siri ibadilishwe siku hiyo hiyo kabla hajarudi nyumbani.

Kuhusu kuchelewa: siku ya kwanza mjumbe anampigia, siku ya saba anatembelewa kwenye meza yake ya biashara na wadhamini wanajulishwa, siku ya 30 akiba yake inafidia, ikipungua ndipo za wadhamini. Kama ni ugonjwa au msiba, kamati inapanga upya marejesho kwa maandishi. Faini iwe ndogo na isizidishe: faini juu ya faini ndiyo kausha damu yenyewe.

Ukwasi_Kwanza
Na mnapohesabu mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, mtu akiruka rejesho kwa siku 30, andikeni salio lake lote kuwa hatarini, siyo rejesho moja. Anadaiwa 300,000 na ameruka 60,000? Kilicho hatarini ni 300,000. Kipimo kinachotumiwa na Baraza la Dunia la vyama hivi, WOCCU, ni kutozidi asilimia 5 ya mikopo yote. Kwa 5,780,000 hiyo ni 289,000, yaani mtu mmoja tu kama huyo ameshawavusha mstari.

Afisa_wa_Zamani
Hasa akiwa mwenyekiti. Mkopo wa kiongozi upitishwe na bodi yeye akiwa nje ya chumba, na usomwe kwa jina na salio kila mkutano mkuu. Kipengele hicho kiandikeni kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi hakitapita.