Rutabaga badala ya viazi: ipikwe vipi na ina faida gani?

Mkazi wa Minnesota
Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Majira ya baridi yakiingia, masoko ya huku hujaa rutabaga, ile mizizi mikubwa yenye ganda la zambarau kwa juu na manjano kwa chini. Mume wangu ana kisukari cha aina ya pili na ameshauriwa apunguze viazi, lakini chakula kisichoshibisha hakitaki kabisa. Je, rutabaga yaweza kushika nafasi ya viazi, na uchungu wake hupunguzwaje?

Mpishi wa Helsinki
Dada, yaweza. Gramu 100 za rutabaga mbichi zina wanga wa gramu 9 hivi, ilhali viazi mviringo vina takriban gramu 17, na zaidi ya hayo utapata vitamini C ya miligramu 25 hivi pamoja na nyuzinyuzi. Chagua ndogo zilizo nzito mkononi, kwa sababu kubwa mno huwa na nyuzi ngumu na ladha kali. Za Marekani mara nyingi hupakwa nta ili zisinyauke, kwa hiyo zimenye kwa kisu kikali mpaka nta yote iondoke. Wafini huziponda na kuzioka kwa krimu, mayai, chenga za mkate, kungumanga na sharubati nzito ya sukari, nao ndio mlo wa Krismasi unaoitwa lanttulaatikko. Kwa mgonjwa wako, sharubati hiyo iache.

Mtaalamu wa lishe
Naongeza tahadhari. Ikiwa mzee anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mabadiliko ya wanga yaendane na kupima sukari na kumshirikisha daktari wake. Ikiwa figo zake zimedhoofika, potasiamu nayo ihesabiwe, kwani gramu 100 zina miligramu 300 hivi. Kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga hupunguza potasiamu, ingawa vitamini C nayo hupotea, hivyo mwenye figo nzima afadhali aioke.

Mkazi wa Minnesota
Ahsanteni sana. Na tui la nazi, je?

Mpishi wa Helsinki
Linafaa, ila tui zito lina mafuta mengi, basi tumia kiasi. Kata vipande vidogo, vioke kwa mafuta kidogo na chumvi mpaka kingo ziwe kahawia, ndipo uviingize katika mchuzi wa tui, bizari na tangawizi kwa dakika chache za mwisho. Ukivichemsha ndani ya tui tangu mwanzo, harufu ya kabichi hutawala sufuria nzima.