Tupeane uzoefu: korona ilibadilisha vipi mazishi na matanga kwenu?

Mwana wa Likoni (mwanzisha mada)
Wanajamvi, korona ikitajwa watu hukumbuka barakoa, kafyu na shule kufungwa. Mimi naona iliyotikisika zaidi ni namna tunavyozikana. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na muda si muda tukaambiwa maziko ni watu 15 tu.

Kwetu Pwani kuzika haraka si jambo geni. Lililotuuma ni kuosha maiti. Khalati yangu alifariki mwaka huo. Wakaja watu wa afya waliojifunika gubigubi, ndugu zake wa kike wakakatazwa hata kumgusa. Tukamswalia kwa kuachana nafasi, hitima kila mtu akaisoma nyumbani kwake. Mamangu mpaka leo husema hajamzika nduguye. Kwenu ilikuwaje, na nini kimebaki?

Mkwe wa Ugenya
Pole sana ndugu. Sisi huku Siaya ndio tuliozoea mwili kulala mochari wiki mbili tatu, watu wachange, wapike, wakeshe. Aprili 2020 mtu wa hapa kwetu alizikwa usiku na wahudumu waliovaa mavazi ya kujikinga, video ikaenea nchi nzima. Uchungu ule haujatutoka.

Lakini lazima niseme na hili. Baba mkwe alizikwa siku ya tatu, akachinjwa ng'ombe mmoja, wakala wachimba kaburi na watu wa nyumbani. Mama mkwe akabaki na mifugo yake. Jirani yake, aliyefiwa kabla ya korona, aliuza ng'ombe wa maziwa ili alipe deni la mahema na jeneza. Kumfilisi mjane si kumheshimu marehemu, nalisema hili hata mbele ya wazee. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na mahema na vipaza sauti vikarudi vile vile. Ukoo wetu tumeshikilia wiki moja, basi. Kuna wanaotununia.

Mama Lishe, Tandale
Huku Tanzania Bara hatukufungiwa ndani. Shule zilifungwa Machi 2020, mwisho wa Juni zote zikawa wazi, na misiba iliendelea. Tulijifukiza nyungu, tukaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Ila hofu ilikuwepo. Mwanzoni mwa 2021, ukisikia marehemu alikuwa na "changamoto ya kupumua", unaona majirani wanaingia, wanatoa rambirambi, wanaondoka bila kukaa.

Chama chetu cha kufa na kuzikana kikaanza kupokea michango kwa simu. Fedha zinakusanywa upesi kuliko zamani, sikatai. Lakini mtu anatuma elfu kumi na hatumwoni tena! Zamani angekuja kuchambua mchele, kuteka maji, kulala na mfiwa siku tatu. Mfiwa anahitaji mtu wa kulala naye jamani. Hiyo elfu kumi haimpikii uji usiku wa manane.

Mtanga aliyeko Muscat
Dada, nakuelewa, ila usituhukumu wote. Baba alifariki 2020 ndege zimesimama. Mpwa wangu alishika simu makaburini, nikaona udongo ukiwekwa. Bila simu ile nisingekuwa na chochote. Tangu hapo kila msiba wa nyumbani wananipigia video, na nafuatilia mpaka dua ya mwisho. Kutuma peke yake naona ni kidogo, kwa hiyo kila jioni ya matanga nampigia mfiwa tukazungumza.

Mwana wa Likoni
Shukrani nyote, na Mola awarehemu wazee wetu. Niongeze moja: wakati ule waliojua kuosha maiti mtaani kwetu walikuwa kina bibi wachache, na ndio waliotakiwa kujikinga zaidi. Sasa wasichana wanafunzwa kuosha na kukata sanda, na mdogo wangu ni mmoja wao. Kuna mwingine ambaye mtaani kwao wameanza hivyo?